USUKANI MWEPESI WA KUTII
Namna ya kuifanya motokaa ya mwendo iitikie upesi, na mambo ya kuangaliwa kwanza

Neno usukani lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Nahodha ajua ya kuwa jahazi haligeuki papo hapo usukani ugeuzwapo. Hupita kitambo kidogo ndipo chombo kitii. Motokaa nayo ina kitambo chake. Dereva azungushapo usukani, amri ya mkono wake husafiri katika vyuma, mipira na springi hata ifike ardhini, na kila kitu kilicholegea njiani huichelewesha amri hiyo. Motokaa iendayo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Basi kuchelewa kwa robo ya sekunde ni mita saba, nayo yatosha kumfikia mbuzi aliyeingia barabarani, au mtoto anayeswaga punda wa maji.

Katika Kitui na Makueni, kama katika sehemu nyingine za Kenya, wako vijana wenye motokaa za mwendo, kama vile Subaru Impreza, watakao usukani uitikao upesi kama ule wa magari ya mashindano. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini wengi huanzia mwisho: hununua kifaa kipya kabla ya kuangalia kilichokwisha. Yafaa basi kueleza kazi hii hufanywaje, na kwa utaratibu gani.

FUNDISHO LA MASHINDANO YA SAFARI

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa Ukambani waliyajua vema, kwa kuwa barabara kuu ya Mombasa hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza safari, nazo zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa pamoja na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda kwa Subaru Impreza.

Fundisho la miaka hiyo yote ni moja. Motokaa itiiyo upesi lakini ikavunjika kwenye jiwe la kwanza haina faida. Mafundi wa mashindano walitafuta kwanza uimara, ndipo wakatafuta wepesi.

USUKANI WA HARAKA NI NINI?

Katika motokaa nyingi ndogo, mhimili wa usukani hushuka hadi kwenye gia ndogo. Gia hiyo huzunguka juu ya chuma kirefu chenye meno, ambacho mafundi hukiita raki. Raki ikisogea kulia au kushoto, huvuta vyuma viitwavyo tairodi, navyo hugeuza magurudumu ya mbele.

Wepesi wa usukani hupimwa kwa uwiano. Uwiano ukiwa 15 kwa 1, dereva hana budi kuzungusha usukani digrii 150 ili magurudumu yageuke digrii 10. Ukiwa 13 kwa 1, digrii 130 zatosha. Katika milima ya Mbooni, ambako kona hufuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumua, tofauti hiyo huonekana mikononi.

Lakini hapana faida isiyo na gharama. Uwiano ukipunguzwa hivyo, nguvu itakiwayo mkononi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 15, isipokuwa pampu au mota ya kusaidia usukani ichukue mzigo huo. Tena, usukani utiio upesi hutii kosa upesi vilevile. Dereva akipiga chafya au akigeuka kusema na abiria, mtikiso mdogo wa mkono utaisogeza motokaa zaidi kuliko zamani.

Wengine hubandika usukani mdogo wa duara wakidhani wamefanya kazi ile ile. Sivyo. Usukani mdogo hupunguza mwendo wa mkono, lakini uwiano wa gia hubaki ulivyokuwa, na mkono hupata kazi nzito zaidi. Tena, katika motokaa nyingi za siku hizi, kuondoa usukani wa kiwandani ni kuondoa pia mfuko wa hewa umkingao dereva kifua na uso wakati wa ajali.

UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, ulegevu uondolewe. Motokaa ikiwa imesimama, injini ikiwaka na magurudumu yakielekea mbele, usukani utikiswe polepole kulia na kushoto. Ukisogea kitambo kabla ya magurudumu kuanza kugeuka, pana kitu kilichokwisha. Kisha injini izimwe, motokaa iinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi imara vya chuma. Gurudumu la mbele lishikwe ubavu wa kulia na wa kushoto, litikiswe. Likicheza, tairodi ndizo za kushukiwa. Lishikwe juu na chini. Likicheza, beringi au bolijointi ziangaliwe. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na motokaa yenye tairodi iliyokwisha ni chombo cha namna hiyo.

Pili, tairi ziangaliwe. Tairi yenye upepo mdogo hupinda ubavuni kabla ya kuivuta motokaa, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kuchelewa ilipo. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha kiwanda, ambacho mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi za ubavu mfupi huitika upesi zaidi, lakini katika mawe na mashimo ya barabara za murram ubavu mfupi haulindi rimu, nayo hupinda au kupasuka.

Tatu, bushi zibadilishwe. Raki hushikiliwa kwa bushi za mpira. Mpira ukizeeka, raki yenyewe husogea kwanza, ndipo magurudumu yageuke. Bushi mpya, au zilizo ngumu zaidi, huondoa kuchelewa huko bila kugusa uwiano. Gharama yake ni kwamba mitikiso ya barabara hufika mikononi zaidi.

Nne, magurudumu yapangwe sawasawa kwa mashine. Wanamashindano wengine hupenda magurudumu ya mbele yafunguke nje kidogo, kwa kuwa motokaa huingia kona upesi. Lakini motokaa ya namna hiyo hutangatanga katika njia iliyonyoka, na tairi zake huliwa upande wa ndani. Kwa barabara ya kila siku, vipimo vya kiwanda ndivyo bora.

Tano, springi, shokomzoba na chuma cha kuzuia motokaa isilale katika kona. Motokaa inayolala sana hukawia kugeuka. Lakini ikikazwa mno nyuma, mkia wake huteleza. Na ikishushwa chini mno, tairodi huinama vibaya, hata magurudumu hujigeuza yenyewe kila yapitapo juu ya tuta.

Sita, na mwisho, ni raki ya uwiano mdogo. Raki iliyotumika yapasa ikaguliwe kama inavuja, na kama imetoka katika motokaa ya aina ile ile. Boliti zikazwe kwa kipimo cha kiwanda, na upangaji wa magurudumu urudiwe upya. Mara nyingi mwenye motokaa aliyemaliza hatua tatu za kwanza huona ya kuwa hana haja tena ya hatua ya sita.

BARABARA ZA KITUI NA MAKUENI

Barabara itokayo Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui ilitiwa lami katika miaka ya karibuni, nayo ina sehemu ndefu zilizonyooka ambazo humshawishi dereva kukaza mwendo. Hapo usukani mkali mno huchosha, kwa kuwa kila dakika dereva hulazimika kuurekebisha. Nje ya lami hali ni nyingine: mchanga mwepesi, changarawe, na udongo mwekundu uterezao wakati wa mvua. Hapo magurudumu yakigeuzwa ghafula hupoteza mshiko, na motokaa huendelea mbele moja kwa moja ijapokuwa magurudumu yameelekea kando. Usukani hutoa amri tu. Tairi na udongo ndio hukubali au hukataa.

SHERIA NA USALAMA

Kabla ya kubadilisha sehemu yoyote ya usukani, mwenye motokaa aulize Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na aiarifu kampuni yake ya bima. Bima inaweza kukataa kulipa ikiwa motokaa iliyoanguka si ile iliyoandikwa katika karatasi. Atakaye kujipima mwendo na ajiunge na wanamashindano walio chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, ambao hushindana katika njia zilizofungwa, wamevaa kofia ngumu, na daktari yu karibu.

Kazi ikiisha, motokaa ijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pasipo watu. Baada ya siku chache fundi azikague boliti zote mara ya pili. Ndipo abiria wapandishwe.