Uko na mita ngapi?

Wandugu, siku mtu wa kutafutia universite wachezaji atafika kwetu Kipese ao Butembo, swali lake la kwanza itakuwa hilo. Hata mita ya fundi nguo inalijibu. Swali nzito ni: unataka kusoma nini?

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Georgetown mwaka 1987 na bursi ya Marekani, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akamwingiza katika basketi. Mwaka 1991 alimaliza na diplome ya elimu ya lugha na diplomasia. Udaktari ulibakia, ijapokuwa baadaye alijenga hospitali Kinshasa. Yeye alifika NBA. Wengi hawafikake, diplome tu ndiyo inabakia mukononi.

Tuliosoma agronomia tunajua: stage ya shamba haingojee mtu. Basi kijana aulize, siku maabara na mazoezi vinagongana, nani anashinda? Bursi ni ya mwaka moja ao mpaka licence? Nikivunjika goti, nani analipa?

Na visa! Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa universite za Marekani mwaka 2022. Tangu 2021 wenzake waliruhusiwa kupata pesa ya matangazo, lakini yeye visa ya mwanafunzi ilimufunga palepale Marekani. Jambo kama hilo mtafutaji hasemake mwenyewe.

Majibu yote yaandikwe kwa Kifaransa, mzazi asomewe, mbele ya kutia sahihi.