Daktari Wako Alisoma Lini Mara ya Mwisho?
Mtoto akichemka mwili usiku, wewe mzazi humkimbiza kwa daktari bila maswali. Lakini hebu itazame ile shahada iliyotundikwa ukutani. Ikiwa ni ya 1990, basi chuoni alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka wa 1998 Kenya iliiacha dawa hiyo kwa kuwa viini vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikashika Fansidar. Nayo haikudumu, mwaka wa 2004 ikaamuliwa itumike dawa mseto ya AL, ile ya vidonge vya siku tatu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka damu ipimwe kwanza, kwani si kila homa ni malaria.

Hayo hayamo katika madaftari yake ya chuo. Ndiyo maana baraza linalosimamia madaktari nchini humtaka kila mmoja apate alama 50 za mafunzo kwa mwaka ndipo leseni yake itolewe upya. Sisemi hakuna wanaosinzia nyuma ya ukumbi wakingoja cheti! Kwa hivyo usione haya kumuuliza, "Daktari, dawa hii ndiyo inayotumika siku hizi?" Aliyesoma hatakasirika. Na kando ya ile shahada, itafute leseni ya mwaka huu.