Je, Wajua? Hofu Ndani ya Mashairi

Je, wajua kwamba mojawapo ya tungo za Kiswahili zenye kutisha mno haina jini wala mzuka? Ni Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Anachofanya ni kukuingiza katika majumba ya matajiri waliokwisha kufa. Taa zimezimika. Makinda ya popo yananing'inia juu, na katika vidaka vilivyopambwa kwa sahani wamelala watoto wa ndege. Wala hamtishi msomaji ana kwa ana: anaukemea moyo wake mwenyewe, sisi tunasikia tu. Utenzi wa kawaida huwa na mizani 8 kwa mshororo. Huu una 10, na mwendo wake ni wa polepole, hauna haraka ya kukutoa humo ndani. Mwishoni huja adhabu za motoni, lakini kwangu mimi yale makinda yanatisha zaidi.

Je, wajua kwamba John Keats wa Uingereza aliiweka hofu yake yote katika sentensi moja? Mwaka 1818 alitunga soneti ya mishororo 14 juu ya hofu ya kufa kabla hajaandika yote yaliyomjaa kichwani. Kituo kikuu hakifiki mpaka mwisho, na anayeisoma kwa sauti hukosa mahali pa kuvuta pumzi vizuri. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1821, akiwa na miaka 25.

Je, wajua kwamba kuna shairi lililoishi kwa miaka mingi vichwani mwa watu kwa sababu ya hofu? Wakati wa Stalin, Anna Akhmatova alipanga foleni nje ya gereza la Leningrad kwa miezi 17, mwanawe akiwa kizuizini. Katika foleni hiyo ndimo ilimozaliwa Rekviem. Kuiweka nyumbani ikiwa imeandikwa kulikuwa ni kujitafutia kifo. Rafiki yake Lydia Chukovskaya alisimulia walivyofanya: Akhmatova alitaja chai kwa sauti, wanaonasa maongezi wasikie, huku akiandika beti upesi kwenye kipande cha karatasi. Mgeni alisoma kimya, akahifadhi kichwani, akarudisha. Hapo Akhmatova akasema kwamba mwaka huu majira ya majani kupukutika yamewahi, akawasha kiberiti, karatasi ikaungua juu ya kisahani cha majivu. Shairi lilichapishwa Munich mwaka 1963. Kwao Urusi lilisubiri hadi 1987, mwenyewe keshakufa miaka 21.

Je, wajua kwamba Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitunga diwani ya Sauti ya Dhiki kwa siri gerezani, akiandika kwenye karatasi za chooni? Alifungwa miaka mitatu kwa ajili ya kijitabu chake, Kenya: Twendapi? Katika diwani hiyo mna shairi liitwalo Mamba, na wengi humsoma mnyama huyo kuwa ni mwenye mamlaka. Fumbo la namna hiyo humkinga mshairi, lakini pia humgeuzia mkubwa hofu: mamba anakumbushwa kwamba naye siku zake zitafika. Diwani ilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.