Je, Kazi Unayoifanya Ndiyo Uliyoitaka?

Mama mmoja alimleta binti yake hospitalini kwetu kwa mara ya tatu. Binti huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri. Kichwa kilimwuma, chakula hakikai tumboni, usiku halali. Tulimpima malaria, hakuna. Mkojo na choo, safi. Damu ilimtosha. Mama aliomba binti achomwe sindano. Nilimwomba mama atusubiri nje kidogo. Tulipobaki wawili, binti alilia, kisha akasema: "Mama, baba amekwisha kuamua kwamba nitasoma udaktari. Mimi napenda kufundisha, lakini naogopa kumwambia."

Msidhani binti huyu alijifanya mgonjwa. Moyo unapokuwa na wasiwasi wa muda mrefu, mwili hukaa kama mtu anayesubiri kushambuliwa. Mapigo ya moyo huenda mbio, misuli ya shingo na kichwa hukaza, tumbo huvurugika na usingizi hupotea. Maumivu hayo ni ya kweli, ila dawa yake haimo ndani ya bomba la sindano.

Watu wazima pia wamo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu unaoletwa na kazi: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa baridi kwayo, na kuona kwamba hufanyi tena lolote la maana. Shirika halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na mateso ya kazini yasiyotatuliwa kwa muda mrefu.

Nayajua hayo. Miaka mingi iliyopita niliondolewa wodi ya wazazi nikapewa kazi ya ofisini, yenye cheo na posho. Nyumbani tulishangilia, maana watoto walikuwa shuleni. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nawafokea wenzangu, na asubuhi miguu ilikuwa mizito kwenda kazini. Usiku mmoja waliniita kusaidia uzazi mgumu. Nilirudi nyumbani alfajiri nimechoka kabisa, lakini ninaimba. Mume wangu aliniuliza: "Mbona leo unaimba?" Hapo nilitambua. Niliomba kurudi wodini. Posho ilikatwa, tukauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya karo. Sikujuta, ila siwafichi kwamba gharama ilikuwepo.

Tena, kujitambua hakuji kwa siku moja. Florence Nightingale wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1820, aliona wito wake mwaka 1837 akiwa na miaka 16. Wazazi wake walikuwa matajiri, na uuguzi wakati ule ulidharauliwa. Walimkatalia. Ilimchukua hadi mwaka 1851 kupata mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London. Miaka 14 ya kungoja haikuufuta wito.

Basi tufanyeje?

1. Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja, kila jioni andika jambo lililokupa nguvu siku hiyo na jambo lililokunyong'onyeza. Mwisho wa mwezi lisome lote. Utaona yanayojirudia.

2. Pima uchovu wako. Kuna uchovu wa mkulima aliyemaliza kupalilia, unaokwisha kwa usingizi. Na kuna uchovu unaoamka nao.

3. Jiulize: Ningeichagua kazi hii kama jirani asingejua cheo changu? Je, ninachokichukia ni kazi yenyewe, au ni mkubwa wangu, au zamu nyingi? Kubadili zamu ni rahisi kuliko kubadili maisha.

4. Usiache kazi kwa hasira. Jaribu kwanza kidogo kidogo. Anayetamani ushonaji ashone Jumamosi. Anayetamani uuguzi aje awaone wauguzi wakifanya zamu ya usiku, si sare nyeupe tu. Kisha zungumza na mwenzako wa ndoa kuhusu karo na chakula kabla ya kuamua.

5. Wazazi, mwulizeni mtoto anapenda nini, halafu nyamazeni mpaka amalize kusema.

Lakini angalieni jambo moja. Si kila huzuni inatokana na kazi. Mtu akikosa raha kwa wiki mbili au zaidi, hali wala halali vizuri, au akiwaza kufa, huenda ana ugonjwa wa sonona. Huo hutibika. Aletwe hospitali mapema, asiachwe peke yake, wala asiambiwe ni mvivu.

Na yule binti? Kwa ridhaa yake nilimwita baba yake. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama kofia yake mkononi. Kisha akamwuliza binti: "Ualimu wa somo gani?" Binti akajibu: "Hesabu." Baba akasema: "Mimi nilitaka udaktari kwa sababu bibi yako alifia njiani akipelekwa hospitali." Binti hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Walilia wote wawili. Hawakukubaliana siku ile, lakini waliondoka wakizungumza. Wiki iliyofuata mama aliniambia kwamba binti analala usiku kucha.