Ujuzi wa Mwalimu wa Watoto Wenye Mahitaji Maalum Ulipwe



Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila karo, kila nyumba ilipata nafasi za watoto wanne, na mtoto mwenye ulemavu akatangulizwa. Lilikuwa jambo la haki. Lakini mtoto huyo akifika darasani, nani amfundishe?

Walimu wetu wengi wa shule za msingi walisoma chuo miaka miwili baada ya kidato cha nne, wakapata cheti cha Daraja la Tatu. Cheti hicho pekee hakitoshi kumfundisha asiyeona kusoma nukta nundu kwa vidole, wala kumfundisha kiziwi kwa lugha ya alama. Inampasa mwalimu arudi masomoni, achukue diploma au digrii ya elimu maalum. Wengi huenda Kyambogo, ambako chuo cha elimu maalum kiliunganishwa na vyuo vingine viwili mwaka 2003 kuwa chuo kikuu.

Wengi hudhani cheti kipya huleta mshahara mpya. Sivyo. Mshahara hufuata cheo ulichoteuliwa, na anayeteua ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Bila uteuzi wake, mwenye digrii hulipwa kama mwenye cheti. Najua mama mmoja mwalimu aliyeuza ng'ombe wawili apate karo ya chuo. Alirudi na digrii, mshahara ukabaki ule ule.

Sera ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii. Hatupingi elimu. Mimi niliishia darasa la saba, najua thamani yake. Tunauliza tu: kwa gharama ya nani? Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa msingi waliachwa, na mwezi Juni chama cha UNATU kikaitisha mgomo. Kumbe serikali ikitaka ujuzi, yajua kuulipia.

Basi, ndugu, kabla ya kwenda masomoni omba ruhusa kwa maandishi. Ukimaliza, peleka nakala ya cheti ofisi ya elimu ya wilaya, na nafasi ikitangazwa, iombe. Nakala nyingine lete tawini, ili chama kijue ni wangapi wanaongoja na kidai nafasi hizo zitangazwe.

Mmoja akidai, huambiwa asubiri. Tukidai pamoja, tutasikilizwa.