Msomaji wa Kwanza wa Sartre

Kabla sijagusa mswada wa mwandishi yeyote, mimi kama mhariri humuuliza swali moja: nani ameusoma kabla yangu? Wengi humtaja mke, mume au rafiki aliyesema ni mzuri sana, na hapo najua kazi ipo. Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, wanafalsafa wa Ufaransa ambao mapenzi yao yanazungumzwa mpaka leo, hawakubembelezana hivyo. Kila mmoja alikuwa msomaji wa kwanza wa mwenzake, tena msomaji mkali.

Walikutana Paris mwaka 1929, wakijiandaa kwa mtihani wa taifa wa walimu wa falsafa. Sartre, aliyeufeli mwaka uliotangulia, akawa wa kwanza. Beauvoir, binti wa miaka 21, akawa wa pili. Siku moja katika bustani ya Luxembourg, karibu na chemchemi ya Medici, Beauvoir alimweleza nadharia ya maadili aliyoibuni mwenyewe. Sartre akaivunjavunja. Beauvoir alijitetea kwa saa tatu, mwisho akakiri ameshindwa. Ameyasimulia hayo mwenyewe katika kumbukumbu zake, bila kinyongo. Alikuwa amempata mtu wa kumpima.

Mwaka huohuo wakawekeana mapatano. Ndoa hapana. Penzi lao ndilo litakalokuwa la msingi, na kila mmoja ana ruhusa ya kuwa na wapenzi wengine, ilimradi wasifichane kitu. Kwanza yalikuwa mapatano ya miaka miwili tu. Kisha mwaka 1931 Beauvoir akapangiwa kufundisha Marseille, kilomita 800 hivi kutoka Paris, na Sartre akapelekwa Le Havre, kaskazini kabisa. Sartre akapendekeza waoane, kwa kuwa walimu wanandoa walipangiwa vituo pamoja. Habari ya Marseille ilikuwa imemtia Beauvoir hofu kubwa, lakini alikataa. Hakutaka cheti cha ndoa kiwe barua ya uhamisho.

Kwangu mimi, moyo wa uhusiano huo uko kwenye miswada. Sartre alikuwa akiandika maandiko marefu, makavu, kuhusu vitu kuwapo bila sababu yoyote ya kuwapo. Beauvoir alisoma, akamshauri aigeuze kazi hiyo kuwa hadithi na kuitia taharuki ya riwaya za upelelezi, ambazo wote wawili walizipenda. Sartre akaandika upya. Mwaka 1938 ikatoka riwaya ya La Nausée, imetabarukiwa kwa Castor, jina la utani la Beauvoir. Miaka minane baadaye, Beauvoir alipotaka kuandika kuhusu maisha yake, ikawa zamu ya Sartre kumsukuma: achunguze kwanza kulelewa kama msichana kulimfanya awe nani. Uchunguzi huo ukazaa Le Deuxième Sexe, mwaka 1949.

Waliolipia uhuru huo, hata hivyo, ni watu wengine, na hilo siwezi kulipita haraka. Olga Kosakiewicz alikuwa mwanafunzi wa Beauvoir huko Rouen. Sartre akamtamani, wakaingia katika utatu uliowaumiza wote, na Beauvoir akautungia riwaya yake ya kwanza, L'Invitée. Bianca Bienenfeld naye alikuwa mwanafunzi wake. Alipendwa na wote wawili, kisha wote wawili wakamwacha mwaka 1940, mwaka ambao Ufaransa iliangukia mikononi mwa Wanazi, naye ni Myahudi. Barua za Beauvoir zilipochapishwa mwaka 1990, Bianca akasoma jinsi alivyokuwa akisemwa nyuma ya mgongo wake. Akajibu kwa kitabu chake, mwaka 1993. Mwalimu ana nguvu juu ya mwanafunzi, na makubaliano ya faragha hayaiondoi. Sartre na Beauvoir waliahidiana ukweli wao kwa wao. Wasichana hao hawakuahidiwa chochote.

Mmoja wa wapenzi hao wengine wa Beauvoir, Nelson Algren, mwandishi wa Chicago, alitaka kumwoa. Alikataliwa, ingawa Beauvoir alizikwa na pete ya Algren kidoleni, katika kaburi moja na Sartre.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumepita karibu na wawili hawa. Kitabu cha Frantz Fanon tunachokijua kama Viumbe Waliolaaniwa kilipotoka kwa Kifaransa mwaka 1961, dibaji yake iliandikwa na Sartre. Miaka hiyo nyumba ya Sartre ililipuliwa kwa mabomu kwa kuwa aliunga mkono uhuru wa Algeria.

Kuanzia mwaka 1973 Sartre hakuweza tena kusoma, na Beauvoir akawa anamsomea kwa sauti. Sartre alipofariki mwaka 1980, Beauvoir aliandika La Cérémonie des adieux, na akatamka mwanzoni kwamba ni kitabu chake cha kwanza ambacho Sartre hakukisoma kabla ya kuchapishwa. Ameeleza humo jinsi mwili wa mwenzake ulivyochakaa, hata mkojo ukawa haumsubiri. Arlette Elkaïm, binti wa kuasili wa Sartre, alikasirika na kumjibu gazetini. Namwelewa binti huyo. Lakini mswada huo ungefika mezani kwangu, kurasa hizo nisingezikata.