Kubadilisha Kiyoyozi cha Nyumbani: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Kulipa

Katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, joto la Desemba hadi Machi huambatana na unyevu mwingi hewani. Kiyoyozi kikiharibika katika kipindi hicho, familia nyingi hununua kingine kwa haraka: chenye ukubwa uleule, kikafungwa kwenye mabomba na nyaya zilezile. Baadaye hugundua kwamba umeme unakwisha upesi na chumba hakipoi ipasavyo. Makala hii inaeleza mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyahakikisha ili fedha yake isipotee.

Je, ni lazima kununua kipya?

Fundi akisema kwamba gesi imekwisha, ulizeni inavuja wapi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ipo nafasi inayovuja, na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kulipa gharama ileile tena na tena. Vilevile, chujio lililoziba kwa vumbi au kapasita iliyoungua si sababu ya kutupa mashine nzima. Lakini ikiwa kompresa imekufa na mashine inatumia gesi ya R-22, kununua kipya huwa ni uamuzi wa busara. R-22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987.

Ukubwa unaofaa

Uwezo wa kupoza hupimwa kwa BTU kwa saa. Kwa makadirio ya kawaida, chumba cha kulala cha mita za mraba 12 hadi 15 hutoshelezwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, na cha mita za mraba 16 hadi 20 huhitaji BTU 12,000. Chumba kilicho chini ya bati lisilo na dari, chenye madirisha yanayopigwa na jua la alasiri au chenye watu wengi, huhitaji zaidi.

Kubwa kupita kiasi si bora. Mashine ya aina hiyo, hasa isiyo na inveta, hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla ya kuondoa unyevu. Matokeo yake ni chumba chenye ubaridi lakini kilichojaa unyevunyevu, na kompresa inayowaka na kuzima kila mara huchakaa mapema.

Gharama ya umeme

Msiangalie bei ya dukani peke yake. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa ubaridi wa kilowati 3.5 hivi. Chenye ufanisi wa 2.8 huvuta kilowati 1.25 za umeme. Chenye ufanisi wa 3.5 huvuta kilowati 1. Vikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kila usiku, cha kwanza hutumia uniti 10 na cha pili uniti 8. Tofauti hiyo ni uniti 60 kwa mwezi, na italipwa kwenye LUKU kwa miaka yote ya maisha ya mashine. Kiwango cha ufanisi huandikwa kwenye lebo ya nishati au kwenye kibandiko cha mashine; mwombeni muuzaji awaonyeshe. Viyoyozi vya inveta huokoa zaidi kwa sababu hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima.

Ufungaji

Mashine nzuri iliyofungwa vibaya ni mashine mbovu. Kabla kazi haijaanza, kubalianeni na fundi juu ya mambo yafuatayo:

1. Mabomba ya shaba yawe mapya. Yale ya zamani hubaki na mafuta ya R-22 yasiyopatana na gesi mpya, na huenda yasihimili mgandamizo mkubwa wa R-410A au R-32.

2. Hewa na unyevu viondolewe mabombani kwa pampu ya vakyumu na kupimwa kwa geji kabla ya kufungulia gesi. Fundi anayesukuma hewa nje kwa gesi yenyewe anafupisha maisha ya kompresa.

3. Gesi ya R-32 inaweza kushika moto. Isijazwe kamwe katika mashine iliyotengenezwa kwa R-22, na pasiwe na sigara wala moto wa kuchomelea karibu nayo.

4. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, breka yake na waya wa ethi. Kisichomekwe kwenye ekstensheni. Waya mwembamba hupata moto na kuweza kuunguza nyumba. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

5. Sehemu ya nje ipate nafasi ya kupumua na isielekee moja kwa moja upepo wa bahari, kwa kuwa chumvi hula haraka mapezi yake. Bomba la maji literemke mfululizo ili maji yasirudi ndani.

6. Gesi ya mashine ya zamani ikusanywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani.

Kumbukumbu

Daini risiti ya EFD, kadi ya dhamana yenye namba ya mashine, na maandishi ya fundi yanayotaja tarehe na kazi aliyoifanya. Ulizeni mapema iwapo dhamana itakubaliwa endapo mashine haitafungwa na fundi aliyeidhinishwa na muuzaji. Hitilafu ikitokea, mwandikieni muuzaji kwanza na kubaki na nakala. Asipotoa ufumbuzi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Hapo karatasi hizo ndizo zitakazowasemea.